Kabla Hujanunua Kayaki ya Upepo, Wajue Walioanza

Juzi mdau mmoja kaniuliza: "Nataka kayaki ya kujaza upepo, niwe natembea nayo ziwani na mwanangu wikiendi. Hivi kile ni chombo kweli au ni puto tu?" Nikacheka, halafu nikaingia kusoma. Kumbe swali lake lina miaka karibu 3,000.

Pale British Museum, London, kuna mchongo wa mawe kutoka kasri la mfalme Ashurnasirpal wa Pili, huko Nimrud, Iraq ya leo. Ni wa karne ya 9 kabla ya Kristo. Unaonyesha wanaume wanakimbia mishale, wamejitosa mtoni. Wawili wamekumbatia viriba vya ngozi vilivyojaa upepo, na bado wanapuliza humohumo majini! Jina la mfalme tunalo. La hao jamaa, hakuna.

Kayaki yenyewe walitupa Wainuit na jirani zao wa Aktiki. Fremu ilikuwa ya mbao zilizoletwa na bahari au mifupa ya nyangumi, juu ngozi ya sili. Wanawake ndio walioshona, na kwenye mshono wa kuzuia maji sindano haikutoboa ngozi mpaka upande wa pili. Ukikosea kidogo tu, mumeo harudi. Chombo kilipimwa kwa mwili wa mwindaji mwenyewe. Na kwenye kamba ya chusa walifunga boya la ngozi ya sili lililojazwa upepo. Majina yao nayo? Kimya.

Miaka ya 1840 ndo anatokea ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, Peter Halkett, na koti la kitambaa cha mpira ambalo ukilijaza upepo linakuwa mtumbwi. Huyu anakumbukwa. Wale wa kabla yake tuwakumbuke kwa kufuata akili yao.

Wale wa mtoni walitegemea kiriba kimoja, kikivuja kwisha habari. Wewe chagua kayaki yenye vyumba vya hewa visivyopungua vitatu: ubavu huu, ubavu ule na sakafu. Kimoja kikipasuka, vingine vinakubeba.

Wale kina mama waliangalia ngozi na mshono. Na wewe gusa. Plastiki nyembamba ni ya bwawa la kuogelea. Ya ziwani iwe PVC nene yenye kitambaa ndani, na maungio yakague kwa vidole. Usiuziwe mbuzi kwenye gunia.

Mwindaji alijipima. Jumlisha kilo zako, za mtoto na mizigo, zibaki chini kabisa ya uzito ulioandikwa. Iwe na pezi chini, la sivyo utazunguka kama pia. Pampu mpaka kipimo kilichoandikwa, na usiiache juani ikiwa imejaa, hewa ikipata joto inatanuka.

Kwa hiyo mdau, ni chombo, ukikichagua hivyo. Ila ni chepesi, upepo wa kutoka nchi kavu unakusukuma katikati ya maji na kafi lako mkononi. Siku ya upepo kaeni nyumbani. Na mtoto asikanyage ndani bila jaketi la kuokolea.

Nani kati yenu alijifunza kuelea kwa tyubu ya lori? Tiririka hapo chini.