Feri ya Likoni

Feri ya Likoni ni huduma ya umma ya kuvusha watu na magari katika mlango wa Kilindini, kati ya kisiwa cha Mombasa na bara ya kusini. Anayevuka kwa miguu halipi; gari hulipa. Msafiri husimama uwanjani hadi lango lifunguliwe, kisha umati hushuka kwa mbio pamoja na baiskeli na mikokoteni.

Kisheria, feri hii ni mfano wa mipaka ya madaraka ambayo karatasi imeichora vizuri kuliko maji. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 linaipa kaunti feri na bandari, isipokuwa usimamizi wa usafiri wa meli wa kitaifa na kimataifa. Lakini serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, feri ilibaki chini ya Kenya Ferry Services, shirika la serikali kuu, na baadaye ikahamishiwa Mamlaka ya Bandari ya Kenya, nayo pia ya serikali kuu. Kifungu cha 187 cha Katiba hiyo kinaruhusu ngazi moja ya serikali kuikabidhi nyingine kazi yake kwa makubaliano, ila wajibu wa kikatiba hubaki kwa ngazi iliyopewa kazi hiyo na Katiba.

Uzito wa suala hili ni usalama. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilizama Mtongwe, jirani na Likoni, na watu 272 wakafa. Hata njia mbadala ya feri ilitoka serikali kuu: daraja la kuelea la waendao kwa miguu, lililojengwa na serikali hiyo, lilianza kutumika Likoni mwishoni mwa 2020.