Sindromu ya Ovari Zenye Vijifuko Vingi: Dalili, Vipimo na Matibabu

Hedhi isiyotabirika, chunusi zisizokoma na vinyweleo vinavyoota kidevuni ni mambo ambayo wanawake wengi huyavumilia kwa miaka bila kuyahusisha. Yanapojitokeza pamoja, yanaweza kuwa dalili za sindromu ya ovari zenye vijifuko vingi, inayofahamika kwa kifupi kama PCOS. Mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa hali hiyo huwapata asilimia 8 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 ya walio nayo duniani hawajagunduliwa.

Maana ya hali hii

PCOS ni mvurugiko wa homoni unaodumu kwa muda mrefu. Kwa kawaida, kila mwezi yai moja hupevuka ndani ya kijifuko chake katika ovari na kutoka. Kwa mwenye PCOS, vijifuko vingi huanza kukua lakini hukwama kabla ya yai kupevuka. Vijifuko hivyo ndivyo vinavyoonekana katika kipimo cha ultrasaundi. Si uvimbe wa saratani, na kwa kawaida havihitaji kuondolewa kwa upasuaji.

Chanzo chake hakijulikani kwa ukamilifu, ingawa hali hii huonekana zaidi katika baadhi ya familia. Wanawake wengi walio nayo wana mwili usioitikia vyema insulini, homoni inayodhibiti sukari. Mwili hufidia kwa kutengeneza insulini nyingi zaidi, nayo huzichochea ovari kuzalisha homoni za kiume kupita kiwango. Unene huzidisha tatizo, lakini mwanamke mwembamba pia anaweza kuwa nayo. Si ugonjwa wa kuambukiza wala matokeo ya mwenendo mbaya.

Dalili

Dalili kuu ni hedhi kuchelewa kupita siku 35, kupatikana mara chache kuliko nane kwa mwaka, au kukosekana kabisa. Nyingine ni kuota vinyweleo usoni, kifuani au tumboni, chunusi za muda mrefu, nywele za utosini kupungua, kuongezeka uzito, na ngozi kuwa nyeusi na nene shingoni au kwapani. Si kila mwanamke hupata dalili zote.

Namna inavyobainishwa

Hakuna kipimo kimoja kinachotosha. Utaratibu unaotumika ulitokana na mkutano wa wataalamu uliofanyika Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2003. Mwanamke mtu mzima huthibitika kuwa na PCOS anapokuwa na mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili au vipimo vya damu vinavyoonyesha homoni za kiume kuzidi, na ovari zenye vijifuko vingi. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 umeendeleza utaratibu huo.

Kabla ya kuthibitisha, mtaalamu huhakikisha kuwa tatizo halitokani na ujauzito, hitilafu ya tezi ya shingo au kuzidi kwa homoni ya maziwa. Kwa wasichana, tahadhari zaidi inahitajika. Hedhi kutokuwa na mpangilio katika mwaka wa kwanza tangu kuvunja ungo ni jambo la kawaida, na ultrasaundi haitumiki kuthibitisha PCOS ndani ya miaka minane tangu hedhi ya kwanza.

Sababu za kutoipuuza

Madhara ya PCOS hayaishii kwenye uzazi. Mwanamke aliye nayo yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari cha aina ya pili, kisukari cha ujauzito, shinikizo la damu na mafuta mengi katika damu. Kwa sababu hiyo, anapaswa kupimwa sukari mara PCOS inapothibitika na kurudia kipimo kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, kwa ushauri wa daktari.

Hedhi inapokosekana kwa miezi mingi, ukuta wa ndani wa mji wa mimba huendelea kunenepa bila kutoka. Hali hiyo ikidumu, huongeza uwezekano wa saratani ya ukuta huo. Kukosa hedhi kwa zaidi ya siku 90 bila ujauzito ni sababu ya kutosha ya kumwona daktari, hata kama hakuna maumivu.

Sonona na wasiwasi pia huonekana zaidi kwa wanawake hawa. Maneno ya kejeli kuhusu ndevu, unene au kukosa mtoto huzidisha mzigo huo, na familia ina wajibu wa kuupunguza.

Matibabu

PCOS haina tiba ya kuimaliza, lakini dalili na madhara yake hudhibitika. Msingi ni mtindo wa maisha. Watu wazima wanashauriwa kufanya mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa kasi, kwa angalau dakika 150 kwa wiki. Mlo uwe na mboga za majani, maharage, samaki, na nafaka zisizokobolewa kama dona, mtama na ulezi, huku soda na vyakula vya kukaanga vikipunguzwa. Kwa mwenye uzito uliozidi, hata kupungua kidogo husaidia: asilimia 5 ya uzito, sawa na kilo 4 kwa mwenye kilo 80, inaweza kuboresha hedhi.

Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili hutumika kurekebisha hedhi, kulinda mji wa mimba na kupunguza chunusi na vinyweleo. Havimfai kila mtu, hususan mwenye shinikizo la damu au aliyewahi kupata damu kuganda, hivyo visitumiwe bila ushauri wa mtaalamu. Metfomini husaidia mwili kuitikia insulini.

Wanaotafuta mtoto

Kuwa na PCOS si kuwa tasa. Wengi hupata ujauzito, wengine bila dawa. Kwa wanaohitaji msaada, letrozoli ndiyo dawa inayopendekezwa kwanza ili kupevusha yai, chini ya uangalizi wa daktari. Mwenza wa kiume naye apimwe, kwani ugumba unaweza kutoka upande wowote. Vilevile, kwa kuwa yai linaweza kupevuka wakati wowote, asiyetaka ujauzito anapaswa kutumia uzazi wa mpango.

Hatua za kuchukua

Mwanamke mwenye dalili zilizotajwa anashauriwa kuandika tarehe za hedhi zake kwa miezi kadhaa na kwenda nazo katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako anaweza kupewa rufaa ya kwenda hospitali yenye daktari wa magonjwa ya wanawake. Aliyekosa hedhi kwa zaidi ya siku 90 asisubiri kukamilisha kumbukumbu hizo. Ni muhimu kuepuka dawa za mitishamba zinazodaiwa kuyeyusha vijifuko, kwa kuwa hazijathibitishwa na huchelewesha uchunguzi wa kisukari na wa mji wa mimba.