Fizi na Baraka: jinsi mtaji mdogo ulivyoifuata dawa

Vita vilipoingia Fizi, mashariki mwa Congo, mwaka 1996, maelfu ya watu walivuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, Tanzania, na mwaka huohuo kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ikafunguliwa huko. Mwaka 2005 meli zilipoanza kuwarudisha Baraka, mji wa Fizi ulio ziwani, wengi walianza upya mikono mitupu. Wajane, wanawake waliobakwa na watu wenye virusi vya UKIMWI ndio walioumia zaidi.

Dawa ilitangulia biashara. Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) walianza kazi Baraka mwaka 2003, mwaka uleule walipoanza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi huko Bukavu. Lakini mgonjwa anayeshinda njaa huacha vidonge, na mtu wa Lulenge, kwenye milima ya Fizi, hahesabu safari ya hospitali kuwa jambo dogo. Ndipo mafunzo ya ujasiriamali yalipopata nafasi. Shirika la Women for Women International, lililoanza kazi Congo mwaka 2004, liliwafundisha wanawake wa Baraka kwa mwaka mzima: haki, afya na ufundi, huku wakipata posho ndogo ya mwezi. Soko lenyewe linajulikana: ndagala (dagaa wa ziwani), mawese, unga wa muhogo, sabuni.

Kuchangiana si jambo geni hapa. Likelemba, yaani kuchangiana fedha kwa zamu, ipo tangu zamani. Kilichoongezwa na mashirika ni AVEC, vikundi vya akiba na mikopo ambavyo mfumo wake ulianzishwa na CARE huko Maradi, Niger, mwaka 1991. Wanachama 15 hadi 25 hununua hisa kila wiki, hukopeshana kwa riba wanayoipanga wenyewe, na hugawana mwisho wa mwaka. Sanduku lina kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wake. Mfuko wa jamii huwekwa kando kwa ugonjwa na msiba.

Je, mtaji huzuia maambukizi? Utafiti wa IMAGE uliofanyika vijijini Limpopo, Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 2006, ulichanganya mikopo na mafunzo ya jinsia. Ukatili wa waume na wapenzi ulipungua kwa zaidi ya nusu, lakini maambukizi mapya katika jamii hayakupungua.

Kwa hiyo shirika linaloacha sanduku na kuondoka halijamaliza kazi. Tangu Marekani ikate misaada mwaka 2025, swali la nani atalipia dawa limekuwa kali zaidi: faida ya ndagala inaweza kulipa nauli ya kwenda kliniki, lakini haiwezi kugharimia dawa za wilaya nzima.