Tarehe ya Nyumba ya Popo na Mikono Iliyoichora

Jarida la Detective Comics lilianza kuchapwa New York mwaka 1937, likijaa visa vya wapelelezi na majambazi. Mwasisi wake alikuwa Meja Malcolm Wheeler-Nicholson, lakini mwaka uliofuata likaangukia mikononi mwa Harry Donenfeld aliyekuwa akimdai. Katika toleo la 27, la Mei 1939, akatokea Batman, na juu ya kisa pakawekwa jina la Bob Kane peke yake. Jina hilo liliendelea kutawala hata pale Kane alipokuwa hakushika kalamu, kwa kuwa mkataba wake na kampuni ulimpa haki hiyo. Tarehe hii inaandikwa ili kila mkono upate haki yake.

Mwandishi wa visa vya Batman alikuwa Bill Finger, mzaliwa wa Denver aliyekuwa akiuza viatu. Kane alimletea mchoro wa mtu mwenye nguo nyekundu na mabawa magumu. Finger akashauri joho, kinyago chenye masikio na rangi ya kijivu. Ndiye aliyeuita mji Gotham.

Baada yake alikuja Jerry Robinson wa Trenton, New Jersey. Mwaka 1939 alikuwa na miaka 17, amekonda kwa kuuza aiskrimu kwa baiskeli, mama yake akamsihi aende mlimani kupumzika kabla ya kuanza chuo. Huko, kwenye uwanja wa tenisi, alivaa koti jeupe alilolichora mwenyewe. Kane akaliona, akauliza mchoraji ni nani, na kazi ikapatikana papo hapo. Robinson alianza kwa kuandika herufi na kutia wino, mwisho akawa anachora kurasa nzima.

Hapa pana ugomvi usiopaswa kurukwa. Joker alitokea katika toleo la kwanza la jarida la Batman, mwaka 1940. Robinson alishikilia hadi kifo chake mwaka 2011 kwamba wazo lilikuwa lake, nalo lilitoka kwenye karata. Kane alisema karata ililetwa baadaye, na kwamba Joker ni wake na Finger. Wote walikubaliana juu ya jambo moja: Finger alileta picha ya mwigizaji Conrad Veidt katika filamu ya mwaka 1928, na uso ule wa kucheka bila kukoma ukatoka hapo. Lakini Robinson ndiye aliyebaki na mchoro wa karata ile, na wazee wengi wa fani wanaisadiki kauli yake.

Kulikuwa na mikono mingine pia: George Roussos alitia wino na kuchora mandhari ya nyuma. Jack Burnley na Win Mortimer nao walichora. Lew Sayre Schwartz alimchorea Kane hadi mwaka 1953, akafuatiwa na Sheldon Moldoff, aliyefanya kazi hiyo kwa siri hadi 1967.

Bingwa wa wote, hata hivyo, ni Dick Sprang, aliyezaliwa Fremont, Ohio, mwaka 1915. Kampuni ilimwajiri 1941, ikawa inaziweka kabatini kurasa zake kwa hofu kwamba Kane ataitwa vitani. Zikaanza kutoka 1943. Batman wake ana kidevu kipana na kifua cha mwanamasumbwi, na majambazi wake hukimbia juu ya taipureta zenye ukubwa wa nyumba. Yeye na Finger ndio waliomleta Riddler, Oktoba 1948. Wasomaji wa miaka ile walimpenda Batman wa Sprang wakidhani wanampenda Kane.

Tena Sprang hakuwa mtu wa mezani tu. Alihamia Arizona mwaka 1946, akawa anashuka mto Colorado kwa mashua na kuandika habari za mabonde yake. Mwaka 1952, yeye na wasafiri wenzake, Dudy Thomas na Harry Aleson, waligundua makazi ya kale ya Wahindi Wekundu ndani ya mwamba wa Utah, ukutani pamechorwa mashujaa watatu wenye ngao na rungu. Mahali hapo sasa panaitwa Defiance House. Mchoraji asiyetajwa ndiye aliyeifikia michoro ya wachoraji wengine wasiojulikana.

Ukweli ulianza kusikika 1965, Finger aliposimama mbele ya mashabiki New York. Kane aliandika barua kali ya kumkanusha, kisha katika kitabu chake cha 1989 akakiri kwamba Finger alistahili kutajwa. Finger mwenyewe alikuwa amefariki 1974. Sprang alitambulika akiwa mzee, akachora picha kubwa za Batman miaka ya 1990 na kuzitia sahihi yake. Alifariki mwaka 2000.

Mwaka 2015 jina la Finger lilianza kuwekwa rasmi kando ya la Kane katika filamu na majarida ya Batman. La Robinson na la Sprang bado hayamo katika mstari huo, ingawa Joker na Riddler wanaendelea kuuza tiketi.