Makaoni au Katika Familia? Namna Watafiti Wanavyochunguza Malezi ya Watoto Wasio na Wazazi

Kila Kwaresima, Jumuiya Ndogo Ndogo nyingi hukusanya mchele, sukari, sabuni na nguo na kuvipeleka katika makao ya watoto. Ni tendo la huruma, na Mtume Yakobo katika waraka wake anawataja yatima waziwazi miongoni mwa wale ambao dini iliyo safi haiwezi kuwasahau. Hata hivyo, lipo swali ambalo wabeba magunia huliuliza kwa nadra: watoto hawa wangekuwa katika hali gani kama wangelelewa na shangazi, na bibi, au na familia nyingine ya parokiani? Huruma peke yake haiwezi kulijibu. Linahitaji uchunguzi wa makini, na uchunguzi huo una ugumu ambao mwamini akiufahamu ataweza kupima vizuri zaidi anachoambiwa kuhusu watoto hao.

Ugumu wa kwanza umo katika maneno. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inatofautisha kuasili, ambako mtoto anakuwa wa familia mpya moja kwa moja kwa amri ya mahakama, na malezi ya kambo, ambako familia iliyokubaliwa na ustawi wa jamii humtunza mtoto bila yeye kuwa wao kisheria. (Neno "kambo" halikubahatika: msikilizaji wa hadithi za jioni humkumbuka mara moja mama wa kambo mkatili.) Lakini sehemu kubwa ya watoto wetu waliopoteza wazazi hawamo katika lolote kati ya hayo mawili. Wamo kwa bibi, kwa baba mdogo, kwa dada aliyeolewa, bila karatasi yoyote. Mtafiti anayetegemea mafaili ya ofisi hatawaona kabisa.

Hata neno "yatima" lina mtego. Kwa hesabu za UNICEF, yatima ni mtoto wa chini ya miaka 18 aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Kwa mwaka 2015 shirika hilo lilikadiria kuwa watoto wa namna hiyo walikuwa karibu milioni 140 duniani. Waliofiwa na wazazi wote wawili walikuwa milioni 15.1. Anayesoma namba ya kwanza bila ya pili atafikiri dunia inahitaji vitanda milioni 140 vya makao, ilhali wengi wa watoto hao wana mama au baba aliye hai, pengine maskini tu.

Ugumu mkubwa zaidi ni ule wa kulinganisha. Tuseme mtafiti anapima watoto hamsini wa makaoni na hamsini wa familia, akakuta wa makaoni wamedumaa. Je, makao ndiyo yamewadumaza? Huenda waliletwa wakiwa wagonjwa, wameokotwa, au mama zao walikunywa pombe wakati wa ujauzito, na ndugu wakawachukua wale wenye afya. Kinyume chake pia hutokea: makao yenye wafadhili huweza kuchagua watoto wachangamfu wa umri wa shule, nayo yakaonekana bora kuliko yalivyo. Tofauti iliyokuwapo tangu mwanzo huvaa sura ya matokeo ya malezi.

Njia inayojulikana ya kuondoa mashaka hayo ni kura, na utafiti mashuhuri ulioitumia katika malezi ulifanyika Bucharest, mji mkuu wa Romania. Utawala wa Nicolae Ceaușescu ulipoanguka mwaka 1989, zaidi ya watoto laki moja walikuwa wakiishi katika taasisi za serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah kutoka Marekani waliwachagua watoto 136 wa taasisi hizo, wenye umri wa miezi 6 hadi 31. Kwa kura, 68 walipelekwa katika familia za malezi na 68 wakabaki katika utaratibu wa kawaida. Kundi la tatu lilikuwa la watoto wa mji huohuo waliokulia kwa wazazi wao. Kwa kuwa familia za malezi zilikuwa chache mno mjini humo, watafiti walitafuta 56, wakazilipa posho na kuziwekea wafanyakazi wa ustawi wa jamii wa kuzitembelea.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba, watoto walipofikia miezi 54, wastani wa kipimo cha akili ulikuwa takriban 73 kwa waliopangiwa kubaki katika taasisi, 81 kwa waliopelekwa katika familia, na 109 kwa waliokulia kwao. Waliopata familia kabla ya kutimiza takriban miaka miwili walinufaika zaidi. Namba hizi zisomwe zote tatu pamoja: familia ilisaidia, lakini haikurudisha kila kilichopotea katika miezi ile ya mwanzo ambapo mtoto alilia na hakuna mtu mmoja wa kudumu aliyemwitikia.

Msomaji atauliza kwa haki: ni halali kumwachia mtoto taasisi kwa kura? Watafiti wenyewe walijua swali hilo litakuja. Walijibu kwamba bila utafiti watoto wote 136 wangebaki walipokuwa, kwamba hakuna aliyezuiwa kuondoka nafasi ya familia ilipopatikana, na kwamba wakati ule wengi nchini humo waliamini taasisi ni bora kuliko walezi wageni. Sheria ya Romania ya mwaka 2004 ilizuia kuwaweka taasisini watoto wa chini ya miaka miwili, isipokuwa wenye ulemavu mkubwa. Mimi naona jibu lao lina uzito kwa wakati ule na mahali pale. Kurudia kura hiyo leo, tukijua tunayoyajua, kusingekuwa na kisingizio.

Sasa tuje karibu na nyumbani, maana hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Mwaka 2009 Kathryn Whetten wa Chuo Kikuu cha Duke na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Kambodia, Ethiopia, India, Kenya na Tanzania. Kwetu walikuwa Moshi, na kwa majirani Bungoma. Waliwalinganisha watoto yatima na waliotelekezwa, wenye umri wa miaka 6 hadi 12: 1,357 wa makaoni na 1,480 wa majumbani. Kwa afya, hisia, akili na ukuaji, watoto wa makaoni hawakuwa na hali mbaya zaidi, na kwa jumla walikuwa na hali bora kuliko watoto wa majumbani waliolelewa na mtu asiye mzazi wao.

Je, Moshi imeikanusha Bucharest? La. Bucharest iliwachunguza watoto wachanga na wadogo sana. Moshi iliwachunguza watoto wa umri wa shule, na baadhi yao yamkini walilelewa nyumbani miaka yao ya mwanzo. Bucharest ilitumia kura. Huku hapakuwa na kura, hivyo mashaka ya nani alichukuliwa na nani aliachwa yanabaki. Tena Bucharest ililinganisha taasisi na familia zilizolipwa na kusaidiwa, wakati bibi wa Bungoma anaweza kuwa anawalea wajukuu watano kwa shamba la robo eka. Utafiti wa pili hausemi kwamba makao ni bora kuliko familia. Unasema kwamba familia iliyoachwa peke yake inaweza kumshinda mlezi mwenye moyo mwema kabisa.

Na nani anayejibu maswali? Dodoso la tabia ya mtoto mara nyingi hujazwa na mlezi. Bibi anajua kwamba mjukuu anakojoa kitandani na analia usiku. Mlezi wa zamu mwenye watoto thelathini huenda hajui, naye ataandika kwamba hakuna tatizo. Vivyo hivyo kwa waliokwisha kuondoka makaoni. Aliyefanikiwa hurudi siku ya jubilei akiwa na gari na zawadi, akapewa kipaza sauti. Aliyeshindwa harudi. Utafiti wenye thamani humfuata huyo wa pili hadi stendi anakobeba mizigo.

Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, iliyopitishwa mwaka 2009, inataka watoto wadogo, hasa wa chini ya miaka mitatu, walelewe katika mazingira ya familia. Papa Fransisko, katika Wosia wa Kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alizungumzia kuasili na malezi ya kambo kama matunda ya upendo wa ndoa. Nchini Uganda, umoja wa mashirika ya kitawa ulianzisha mwaka 2016 mpango wa kuwasaidia watawa wanaoendesha makao ili watoto warudi katika familia, na masista wengi wamesomea ustawi wa jamii kwa ajili hiyo.

Parokia zenye makao hutembelewa na wanafunzi na watafiti wenye madodoso. Kabla ya kuwafungulia mlango, msimamizi adai kibali: kwa Tanzania, utafiti unahitaji idhini ya COSTECH, na ule wa afya hupitia NIMR, kwa Kenya ni NACOSTI. Aulize nani ametoa ridhaa kwa niaba ya mtoto, na mtoto mwenyewe ameelezwa kwa lugha gani kwamba anaweza kukataa bila kunyimwa chakula wala zawadi. Aulize picha zitakwenda wapi. Na aulize jambo ambalo mtafiti asiyejiandaa hulikwepa: mtoto akisema katikati ya mahojiano kwamba anapigwa, au kwamba kuna mtu anayemgusa usiku, ni nani atakayeambiwa siku hiyohiyo, na mtoto huyo atalala wapi?