Kiwewe cha Vita

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni neno moja tu: KIWEWE. Lisomeni nyote pamoja: ki-we-we. Mtu aliyeshikwa na kiwewe ni mtu aliyeshtuka sana hata akili yake ikapotea njia. Leo tutasoma jinsi askari wa vita vikuu viwili vya dunia walivyoshikwa na kiwewe, na jinsi walivyotendewa na wenzao.

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu palikuwa na mzee aliyepigana Burma katika Vita Vikuu vya Pili. Alikuwa askari Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Mafundi wa barabara walipopasua miamba kwa baruti, mzee huyo alikuwa akijitupa chini, kisha akaingia uvunguni mwa kitanda, asitoke mpaka jua limekuchwa. Wakubwa walisema ni pombe. Wengine wakasema amerogwa. Sisi watoto tulicheka, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Ugonjwa wa mzee yule una historia yake. Twende kwanza Ufaransa, mwaka 1914, Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza. Askari walikaa ndani ya mahandaki, na mizinga ililia mchana na usiku. Haukupita muda, wakaanza kuletwa hospitali watu wasio na jeraha hata moja, lakini hawawezi kusema, au hawaoni, au miguu haiwachukui. Wengine walitetemeka mwili mzima, wakaogopa kulala kwa sababu ya ndoto zao. Mwaka 1915 daktari Mwingereza, Charles Myers, aliandika habari za wagonjwa kama hao katika gazeti la madaktari liitwalo The Lancet. Jina alilolitumia lilikuwa na maana ya "mshtuko wa kombora", maana hapo kwanza watu walidhani kwamba mshindo wa kombora ndio ulioutikisa ubongo. Baadaye Myers mwenyewe aliona kwamba jina hilo halifai. Wagonjwa wengi hawakuwa karibu na kombora lolote. Waliumizwa na yale waliyoyaona na kuyavumilia.

Lakini jeshi halikungoja madaktari wamalize mashauri yao. Askari aliyeshindwa kurudi mbele aliweza kushtakiwa kuwa ni mwoga au mtoro. Harry Farr, askari wa Uingereza, alilala hospitali miezi kadhaa mwaka 1915 kwa ugonjwa huo, kisha akarudishwa vitani. Mwaka uliofuata alisema kwamba hawezi tena kwenda mbele. Alihukumiwa, na mwezi wa Oktoba 1916 akapigwa risasi na watu wa jeshi lake mwenyewe. Serikali ya Uingereza ilimsamehe, pamoja na wenzake wapatao 300, mwaka 2006. Toeni hesabu hiyo katika madaftari yenu: 2006 toa 1916.

Wakati huohuo, huko Scotland, karibu na mji wa Edinburgh, palikuwa na hospitali ya maofisa iliyoitwa Craiglockhart. Hapo alifanya kazi daktari W. H. R. Rivers. Wagonjwa wake walikuwa wamekwisha kupewa shauri lile ambalo sisi sote hupenda kulitoa: sahau, usiyafikiri tena, fikiri mambo mazuri. Rivers aliona kwamba wale waliojitahidi sana kusahau mchana ndio walioteswa sana usiku.

Ofisa mmoja alikuwa ameukuta mwili wa rafiki yake umekatwa vipandevipande na kombora. Kila usiku rafiki huyo alimjia katika ndoto na hali ileile ya kutisha. Rivers hakumwambia asahau. Alimwonyesha jambo moja ambalo hakuwa amelifikiri: mwili ulioharibika namna ile ni ushahidi kwamba rafiki yake alikufa papo hapo, bila kuteseka. Hilo, alisema ofisa, aliweza kulikumbuka. Baada ya siku kadhaa aliota tena. Safari hii alipiga magoti karibu na rafiki yake, akikusanya vitu vyake ili awapelekee jamaa zake, kama alivyofanya kweli siku ile. Aliamka akilia taratibu, lakini hofu haikuwapo. Alikuwa na huzuni tu, kama mtu yeyote aliyefiwa.

Mwingine alirushwa na mlipuko, akaangukia uso juu ya maiti iliyokwisha kuoza. Rivers alitafuta katika jambo hilo kitu chochote cha kumfariji, asikipate. Akamshauri aache jeshi, aende kuishi shamba, mahali ambapo mwanzoni alikuwa amepata nafuu kidogo. Namheshimu Rivers kwa kuandika habari za huyu pia, kwa kuwa waganga wengi hutusimulia habari za waliopona tu.

Sasa turudi kwetu, katika Vita Vikuu vya Pili. Tarehe 12 Februari 1944, meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa karibu na visiwa vya Maldives na manowari ya Wajapani iendayo chini ya maji. Ilizama kwa muda wa dakika mbili au tatu hivi. Ndani yake walikuwamo askari wa mizinga wa Afrika Mashariki karibu 1,000, pamoja na wauguzi wanawake. Watu karibu 1,300 walikufa. Walioponea majini waliona jambo zito zaidi. Adui alikuwa amejificha chini yao, na manowari za upande wao wenyewe zikatupa mabomu palepale walipokuwa wakielea. Mwaka uleule, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw, Burma, katika mvua na matope, ikipigana njia nzima.

Waliorudi walikuta nini? Mwanzoni mwa karne ya 20 iliandikwa kwamba kati ya Wanandi wa Kenya, mtu aliyemwua adui hakuingia nyumbani moja kwa moja. Alijenga kibanda karibu na mto, akakaa huko siku nne kabla ya kurudi. Sisemi kwamba kibanda ni dawa. Nasema kwamba desturi hiyo ilikiri kuwa mtu hawezi kutoka vitani kwa siku moja. Askari wa Burma alishuka melini, akapanda gari moshi, na mara akafika mlangoni kwake, na watu wakamwuliza amewaletea nini.

Mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam, madaktari wa Marekani waliuandika ugonjwa huu katika kitabu chao cha magonjwa ya akili, na si kwa askari peke yao. Mafuriko, moto, ajali ya basi, kunajisiwa, vyote huweza kuuleta. Wengi hupoa wenyewe baada ya majuma machache, wakipata mahali pa salama, chakula, usingizi na jamaa zao. Usimlazimishe mtu kusimulia yote siku ileile, wala usimnyamazishe anapotaka kusema. Pombe humpa usingizi wa usiku mmoja, nayo huuzidisha ugonjwa. Ndoto na mishtuko ikipita mwezi mmoja bila kupungua, mpelekeni hospitali. Wako wataalamu waliofundishwa kumwongoza mgonjwa arudie habari yake kidogo kidogo, mpaka aweze kuibeba.

Mzee wa kijijini kwetu alifariki kabla sijajifunza haya. Sikumwuliza hata mara moja kuhusu Burma.

Mwalimu, sasa zima redio. Wanafunzi, zungumzeni maswali haya mawili. Kwa nini Harry Farr aliitwa mwoga? Na katika mtaa wenu, ni nani anayechekwa kwa kushtuka? Msimtaje jina. Semeni tu ni sauti gani inayomshtua. Kwaherini.