Bati kati ya moto na samaki: jinsi tanuru za moshi zilivyojifunza kugawa joto

BUNIA – Mama anayejua samaki wa moshi hanunui kwa macho tu. Anamgeuza, anamkandamiza tumboni kwa kidole gumba. Likibonyea, basi nje ameungua na ndani angali mbichi: hatafika Mongbwalu bila kuingiwa na funza.

Ndugu wasikilizaji, kosa hapo ni la moto. Kwenye pipa lililokatwa, kuni ziko chini na wavu uko juu. Katikati kunaunguza, pembeni hakuna joto. Kwa hiyo mama hukesha akigeuza samaki, na macho yake ndiyo yanayolipa.

Shida hiyo ni ya zamani. Kabla ya barafu, samaki wa Ziwa Albert walitunzwa kwa njia kama chumvi na moshi. Dhahabu ilipogunduliwa Kilo mwaka 1903 na wafanyakazi kuongezeka migodini, chakula kisichooza njiani kilizidi kupata thamani. Tena njia yenyewe ni mlima: ziwa liko kwenye mita 620 hivi, Bunia iko juu ya mita 1,200. Samaki wa Tchomia na Kasenyi lazima awe mkavu kweli kabla ya kuupanda.

Ulaya nako walihangaika na jambo hilohilo. Altona, ambayo leo ni sehemu ya mji wa Hamburg, Ujerumani, iliacha jina lake kwenye tanuru iliyo kama kabati: moto chini, nyavu juu kwa ngazi. Tanuru za namna hiyo zilipofika Afrika Magharibi, mafundi waliweka juu ya moto bati lenye matundu, ili joto na moshi visipande mahali pamoja. Mwaka 1939, kwenye kituo cha utafiti cha Torry, Aberdeen, Scotland, watafiti walikwenda mbali zaidi: feni inasukuma moshi, ukuta wenye nafasi unaugawa sawasawa. Kazi nzuri, lakini inataka umeme. Tuendelee.

Ghana ndiyo iliyotufaa zaidi. Kati ya 1969 na 1971, shirika la FAO na watafiti wa chakula wa Ghana walitengeneza tanuru ya udongo iliyopewa jina la Chorkor, mtaa wa wavuvi wa Accra. Nyavu zenye fremu za mbao hupangwa moja juu ya nyingine, hata 15, na joto moja hukausha zote. Kuni zilipungua sana. Hata hivyo wa chini aliiva kuliko wa juu, na ilibidi nyavu zibadilishwe nafasi. Mafuta ya samaki nayo yaliendelea kudondoka motoni.

Mafuta hayo yakiungua hutoa moshi wenye sumu inayoweza kuleta kansa. Mwaka 2008, FAO na chuo cha uvuvi cha Senegal walitoa tanuru ya Thiaroye: ni Chorkor iliyoongezewa, pamoja na mengine, sinia la chuma kati ya makaa na samaki, la kupokea mafuta. Haikuwa anasa. Tangu Septemba 2014, Ulaya inakubali mikrogramu 2 tu za benzopireni, moja ya sumu hizo, katika kilo ya samaki wa moshi.

Marekani wanaochoma nyama kwa moshi wana tanuru ya bomba nene la chuma, na moto uko kwenye sanduku la pembeni. Upande wa moto huunguza, wa mbali hupoa. Dawa yao ni mabati mazito yanayolazwa chini ya wavu: karibu na moto yanabanana, kadiri unavyokwenda mbali nafasi kati yake zinapanuka. Chuma kinapokea joto, kinalihifadhi, kinalitoa polepole. Mimi naona hiyo ndiyo rahisi kuiga hapa, hata kwenye pipa.

Kwa nini tuyaseme leo? Tangu Desemba 2017 familia nyingi za Djugu zimekimbia, nyingine kwa mitumbwi hadi Uganda, nyingine hapa mjini, kama zile za Kigonze. Tanuru ya udongo haibebwi kichwani. Kuni nazo ni hatari: mama anayetoka kambini kuzitafuta hajui atakutana na nani porini. Mzigo mmoja wa kuni unaopungua ni safari moja ambayo mama hakuifanya.

Anayetaka kujaribu asichukue bati jipya la nyumba. Rangi yake ya kung'aa ni zinki, na ikipata moto mkali hutoa moshi mbaya kwa mapafu. Atafute chuma cha pipa lililobeba mafuta ya kupikia, si dawa za shamba, akichome moto mtupu kwanza mpaka rangi iishe. Katikati asitoboe, matundu yawe pembeni. Alilaze kwa mteremko kidogo, mafuta yatiririke nje ya moto. Kisha, kabla ya kupanga samaki, aweke vipande vya mkate kwenye pembe nne na katikati ya wavu. Kinachoungua kwanza kitamwonyesha upande wa kuziba, na kinachobaki cheupe kitamwonyesha pa kuongeza tundu.